Mhusika Mmoja, Maisha Kumi na Moja: Historia ya Diwani na Swali la Uwajibikaji

Utangulizi

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kuwapa wanafunzi wako swali hili au lingine linalokaribiana nalo: "Fafanua sifa sita za mhusika mkuu." Swali hili tumelizoea. Mwanafunzi huandika kwamba mhusika ni jasiri, ni mwenye huruma, ni mwongo, akaambatisha mfano mmoja kwa kila sifa na kupata alama zake. Hata hivyo, ndani ya swali hili mna dhana iliyojificha, nayo ni kwamba mhusika ni mtu mmoja mwenye nafsi moja, anayeingia katika hadithi mara moja na kufa, ikiwa anakufa, mara moja. Je, tutafanyaje tukikutana na mhusika aliyekwisha kufa mara kumi na bado yu hai, na ambaye kila anapofufuka huwa na sura mpya, umri mpya na tabia mpya?

Makala haya yanamchunguza mhusika wa aina hiyo katika diwani ya Kiingereza iitwayo 11 Doctors, 11 Stories, iliyochapishwa na Puffin mwaka 2013. Ni diwani ya hadithi za kisayansi ambamo waandishi kumi na mmoja wamemwandikia mhusika mmoja, kila mwandishi akipewa maisha yake mamoja. Tutaanza kwa kueleza mhusika huyu alitoka wapi, tuione diwani yenyewe, kisha tujadili swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini chake: je, kiumbe aliyebadilika kabisa anawajibika kwa yale aliyoyatenda, au atakayoyatenda, katika maisha yake mengine?

Usuli wa Mhusika

Mhusika huyu hakuzaliwa kitabuni. Alizaliwa katika runinga ya BBC jijini London, jioni ya tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais John F. Kennedy wa Marekani. Mfululizo huo uliitwa Doctor Who. Aliyekuwa nyuma ya wazo hilo zaidi ni Sydney Newman, raia wa Kanada aliyesimamia idara ya drama. Mzalishaji wake alikuwa Verity Lambert, mwanamke kijana katika shirika ambalo vyeo vya aina hiyo vilishikwa na wanaume. Kipindi cha kwanza kiliongozwa na Waris Hussein, mzaliwa wa India. Tunayataja haya ili msomaji atambue kwamba kazi inayodhaniwa kuwa ya Kiingereza kindakindaki iliundwa na watu waliokuwa pembezoni mwa jamii hiyo kwa namna moja au nyingine.

Mwalimu mwenzangu, kuna jambo jingine litakalokufurahisha. Binadamu wa kwanza kusafiri na Daktari walikuwa walimu wawili wa shule ya sekondari: Ian Chesterton wa sayansi na Barbara Wright wa historia. Walimfuata mwanafunzi wao, Susan, hadi nyumbani kwa kuwa maarifa yake yaliwatia wasiwasi, wakamkuta babu yake mkali akiishi ndani ya kibanda cha polisi ambacho kumbe kilikuwa chombo cha kusafiria wakati na anga. Uteuzi wa walimu hao ulikuwa na sababu. Mfululizo ulikusudiwa kuelimisha watoto, ukiwarudisha katika historia kwa upande mmoja na kuwapeleka katika sayansi kwa upande wa pili.

Babu huyo aliigizwa na William Hartnell. Kufikia mwaka 1966 afya ya Hartnell ilikuwa imedhoofika na kukariri maneno kukawa mzigo kwake. Wazalishaji walikuwa na njia mbili za kawaida: kuufunga mfululizo, au kumtafuta mwigizaji anayefanana naye na kujifanya kwamba hakuna kilichobadilika. Wao walichagua njia ya tatu. Katika kipindi kilichoonyeshwa tarehe 29 Oktoba 1966, mzee alianguka sakafuni na uso wake ukageuka kuwa wa Patrick Troughton, mtu mwingine kabisa: mfupi, mcheshi, mwenye nguo zisizomkaa na filimbi mkononi. Wahenga walisema lisilo budi hutendwa. Ugonjwa wa mwigizaji mmoja ndio uliozaa mbinu ambayo imeihifadhi kazi hii kwa zaidi ya nusu karne.

Ikumbukwe kwamba maelezo ya mbinu hiyo yalikuja polepole. Watazamaji hawakuelezwa jamii ya Daktari, yaani Mabwana wa Wakati, hadi mwaka 1969. Neno la Kiingereza linalotumiwa leo kwa tendo hilo, ambalo hapa tutaliita kujihuisha, halikusikika hadi mwaka 1974. Mwaka 1976 ikawekwa sheria kwamba Bwana wa Wakati anaweza kujihuisha mara kumi na mbili tu. Hapo ndipo mhusika alipopata mauti, kwa maana ya mpaka wa maisha. Mwaka 2013, mpaka huo ulipofikiwa, waandishi walimpa mzunguko mpya wa maisha. Kwa ufupi, kanuni za kiumbe huyu zilitungwa jinsi safari ilivyoendelea.

Kutoka Kiooni hadi Kitabuni

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mhusika wa runinga aingie katika jarida la fasihi? Jibu linapatikana katika historia ya kanda. Kati ya mwaka 1967 na 1978, BBC ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake kwa sababu zilikuwa ghali na hapakuwa na matarajio ya kuvionyesha tena. Vipindi vingi vya Daktari wa kwanza na wa pili vilipotea kwa njia hiyo, na zaidi ya tisini havijapatikana. Baadhi ya vilivyopatikana viliokolewa na nakala zilizouzwa ng'ambo. Mwezi wa Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya Troughton vilikuwa vimegunduliwa katika stoo ya kituo cha runinga mjini Jos, Nigeria. Afrika ilikuwa imewatunzia Waingereza kile walichokifuta wenyewe.

Wakati kanda zilikuwa zikifutwa, vitabu ndivyo vilivyobeba kumbukumbu. Kuanzia mwaka 1973 kampuni ya Target ilichapisha vipindi hivyo kama riwaya fupi za watoto, na mwandishi Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya sitini. Kwa msomaji kijana wa enzi hizo, ambaye hakuwa na video, kitabu kilikuwa njia ya pekee ya kukutana na Daktari aliyemtangulia. Mfululizo uliposimamishwa mwaka 1989, maandishi yaliendelea. Mwaka 1994 kampuni ya Virgin ilitoa Decalog, diwani ya hadithi kumi zilizowashirikisha Madaktari saba. Kwa hiyo, runinga iliporejea mwaka 2005 ilimkuta mhusika ambaye vitabu vilikuwa vimemweka hai.

Diwani Yenyewe

Mwaka 2013 mfululizo ulitimiza miaka hamsini. Puffin iliadhimisha kwa kutoa hadithi moja ya kielektroniki kila mwezi kuanzia Januari hadi Novemba, kisha zikakusanywa kuwa kitabu kimoja. Waandishi ni hawa kwa utaratibu wa Madaktari: Eoin Colfer, Michael Scott, Marcus Sedgwick, Philip Reeve, Patrick Ness, Richelle Mead, Malorie Blackman, Alex Scarrow, Charlie Higson, Derek Landy na Neil Gaiman. Baadaye ziliongezwa hadithi ya Holly Black kuhusu Daktari wa kumi na mbili na ya Naomi Alderman kuhusu wa kumi na tatu, ambaye ni wa kwanza kati ya hao kuigizwa na mwanamke.

Tukiilinganisha na diwani tunazozifahamu darasani, kwa mfano Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine au Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, tofauti ni dhahiri. Diwani zetu huunganishwa na dhamira na uteuzi wa wahariri, ilhali wahusika hubadilika kutoka hadithi hadi hadithi. Hapa mhusika ndiye kamba inayofunga kuni zote. Kinachobadilika ni mandhari, usimulizi na mtindo.

Tuangalie usimulizi kwanza. Hadithi ya Patrick Ness imewekwa katika jimbo la Maine, Marekani, mwaka 1945. Watoto wa mji mdogo wamepata vifaa vya kuvaa kidevuni ambavyo husema ukweli mchungu kuhusu watu wengine. Tunaiona hali kupitia watoto wawili wanaobaguliwa, mmoja kwa asili yake ya Kiyahudi na Kijerumani, mwingine kwa rangi yake. Daktari hupita tu pembeni kama mgeni wa ajabu. Ness anatukumbusha kwamba shujaa wa hadithi moja ni mpita njia katika maisha ya wengine.

Katika hadithi ya Charlie Higson, inayofika Babeli ya kale ya mfalme Hammurabi, tunamfuata Ali, mwandani mpya wa Daktari wa tisa. Mwandishi anachelewa kutufichulia umbo lake. Tunapogundua kwamba msichana tuliyemdhania binadamu ni kiumbe wa jamii inayofanana zaidi na wadudu au kaa, tunalazimika kurudi nyuma na kusoma upya kila sentensi. Hii ni mbinu ya taharuki na ufichuzi ambayo mwalimu anaweza kuifundisha bila kutumia istilahi nyingi.

Hadithi ya Malorie Blackman ina uzito wa kipekee. Blackman, mwandishi Mwingereza mweusi ambaye wazazi wake walitoka Barbados, anajulikana kwa riwaya ya Noughts & Crosses ya mwaka 2001 inayoupindua ubaguzi wa rangi juu chini. Katika hadithi hii Daktari wa saba anafika katika ulimwengu ambamo akina Dalek, maadui wake wa tangu 1963, ni wanafalsafa na walimu wapenda amani. Vijana wa sayari mbalimbali huenda kusoma kwao. Daktari hawezi kuamini. Anawatafutia makosa na kuwashuku kila hatua. Mwandani wake, Ace, anaanza kujiuliza ikiwa tatizo ni akina Dalek au ni chuki ya muda mrefu iliyomkaa Daktari moyoni. Blackman amemchukua shujaa wa watoto na kumwonyesha akiwa mbaguzi. Wala hampi msomaji nafuu ya kusema kwamba huyo alikuwa "Daktari mwingine", kwa sababu chuki hiyo ameibeba kutoka maisha hadi maisha.

Neil Gaiman anafunga diwani kwa kutupa kinyume cha Daktari. Adui wake ni kiumbe aitwaye Kin, aliyetoroka gereza la Mabwana wa Wakati. Anaonekana kama umati wa watu waliovaa barakoa wakinunua kila nyumba duniani, kumbe ni kiumbe mmoja anayejikunja katika wakati mpaka akawa wengi. Daktari ni mmoja ambaye huwa wengi kwa kupokezana maisha, ilhali Kin ni mmoja ambaye ni wengi kwa mara moja. Yule hulazimika kuacha kila sura yake iende, na huyu hataki kuacha chochote. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo Gaiman anapotuambia kwa nini kujihuisha si sawa na kutokufa. Kila Daktari hufa kwelikweli, na anayefuata hurithi kumbukumbu pamoja na madeni.

Swali la Uwajibikaji

Neno deni linatuleta kwenye hadithi ya Philip Reeve. Daktari wa nne, mwenye skafu ndefu, anafika na mwandani wake Leela katika mti mkubwa mno unaoelea angani, ambao ndani yake wanaishi watu. Watu hao wamemngojea kwa vizazi vingi ili wamuue. Hata majina wanayowapa watoto wao ni sentensi nzima za kisasi dhidi ya Daktari. Tatizo ni kwamba Daktari hawajui wala hakumbuki kuwakosea. Hatimaye inabainika kwamba aliyewakosea ni Daktari wa kumi na moja, yule kijana mwenye tai ya kipepeo. Kwa maneno mengine, mtu huyu anashtakiwa kwa tendo ambalo kwa upande wake bado hajalitenda, na ambalo atalitenda akiwa na mwili na tabia nyingine.

Niliwahi kuwasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hadithi hii kwa Kiswahili, tukiwa tumebakisha dakika kumi na tano za kipindi. Darasa liligawanyika. Kundi moja lilishikilia kwamba kumwadhibu ni dhuluma, kwani mtu haadhibiwi kabla ya kosa. Kundi la pili likasema kwamba ikiwa ni yeye atakayetenda, basi ni yeye. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hanyoshi mkono, akauliza: "Mwalimu, mbona wanasiasa wakihama chama husema yaliyopita si yao, na sisi tunakubali?" Kengele ililia kabla sijamjibu. Nakiri kwamba mpaka leo sijapata jibu bora kuliko swali lake.

Swali hilo, msomaji, ndilo linaloipa diwani hii thamani. Historia ya mwaka huohuo wa 2013 ililikazia zaidi. Mnamo Mei, wakati hadithi za Puffin zilikuwa bado hazijafika nusu, runinga ilimfichua Daktari ambaye hakuwahi kuhesabiwa, aliyeigizwa na John Hurt. Yeye aliishi kati ya Daktari wa nane na wa tisa, akapigana katika vita vikuu vya jamii yake. Akaona aibu ya aliyoyatenda hata akalikataa jina la Daktari, nao waliomfuata wakamwondoa katika hesabu. Kwa hiyo, hata kabla kitabu kufika madukani, anwani yake ilikuwa na kasoro ya hesabu. Maisha kumi na moja yalikuwa kumi na mawili, na yaliyokosekana ni yale aliyoyakana mwenyewe. Mwaka 2020 mambo yalizidi kuchanganyika ilipodaiwa kwamba palikuwa na maisha mengine mengi kabla ya yule mzee wa 1963, ambayo kumbukumbu zake zilifutwa.

Wapo wahakiki watakaosema kwamba haya ni matokeo ya waandishi wengi kukosa mpango mmoja. Ni kweli kwa kiasi. Hata hivyo, kosa la mpango limezaa ukweli wa kisanaa. Kila mtu anayejisimulia maisha yake ana sehemu anayoiruka. Mataifa nayo ni vivyo hivyo. Daktari anayehesabu hadi kumi na moja akiruka mmoja hatofautiani na kitabu cha historia kinachotoka ukurasa wa uhuru hadi ukurasa wa maendeleo bila kuwataja waliozikwa katikati.

Sisi na Mhusika wa Wengi

Je, mhusika wa aina hii ni mgeni kwetu? La hasha. Fasihi simulizi yetu imejaa wahusika ambao hawana mtunzi mmoja. Tumchukue Abunuwasi. Katika historia alikuwepo mshairi Abu Nuwas aliyeishi Baghdad enzi za Harun al-Rashid. Lakini Abunuwasi wa vibaraza vya Waswahili ni mwingine. Ameishi maisha mengi vinywani mwa wasimulizi wengi, mara ni mjanja anayewatetea wanyonge, mara ni tapeli asiye na haya. Sungura naye hufa katika ngano ya leo na kuamka katika ya kesho. Hakuna anayemwuliza fanani ni sungura yupi. Hadhira hujua kwamba jina ni moja na kila fanani hulivika nguo zake.

Tofauti ni hii. Sungura hakumbuki. Hila aliyoitenda katika ngano moja haimfuati katika nyingine. Daktari hukumbuka, na ndiyo maana anaweza kuulizwa. Katika fasihi andishi ya Kiswahili, wazo la deni linalovuka mauti tunalipata kwa sura nyingine katika riwaya ya Said A. Mohamed, Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, ambamo aliyekufa anarudi kumkabili mjukuu wake mwenye madaraka. Kwa hiyo mwalimu anayeogopa kwamba hadithi za kisayansi ni mambo ya wenzetu anaweza kutulia. Daraja lipo, na lilikuwepo kabla ya chombo cha Daktari.

Inafaa pia kutaja kwamba Daktari aliyeingia mwaka 2023 aliigizwa na Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali mwaka 1992, ambaye familia yake ilikimbilia Uskoti wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Alikuwa mwigizaji mweusi wa kwanza kuongoza mfululizo huo, hadi alipoondoka Mei 2025. Mtoto aliyelazimika kuanza maisha upya ugenini alikuja kumwigiza kiumbe anayeanza upya kila mara. Diwani ya 2013 haikumjua, lakini msomaji wa leo hawezi kuisoma bila kujiuliza hadithi yake ingeandikwa na nani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba diwani ya 11 Doctors, 11 Stories ni zaidi ya zawadi ya sikukuu kwa mashabiki. Si hadithi zake zote zilizo sawa. Baadhi ni visa vya kusisimua tu, na msomaji asiyemfahamu Daktari huenda akapotea mara mojamoja. Lakini kazi za Blackman, Reeve, Ness na Gaiman zinastahili kuhakikiwa kwa uzito tunaouwekea hadithi fupi nyingine yoyote.

Tunapendekeza kwamba mwalimu anapofundisha wahusika, alete swali moja zaidi baada ya lile la sifa sita. Amwulize mwanafunzi: mhusika huyu wa ukurasa wa mwisho ndiye yule wa ukurasa wa kwanza? Ikiwa amebadilika, ni nani atakayelipa deni la yule wa mwanzo? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa ushahidi wa matini atakuwa amehakiki. Na akitoka darasani akaendelea kuwauliza hivyo hivyo watu wenye vyeo, fasihi itakuwa imefanya kazi yake.